Majina Saba Katika Karatasi

Nimefanya kazi ya kodi kwa miaka 28, na kama kuna jambo ninaloweza kumwapia msomaji bila kutafuna maneno, ni hili: sijapata kuona daftari la hesabu lisilo na kosa. Nimefungua madaftari ya matajiri wenye wahasibu watatu, nikafungua na madaftari ya akina mama wauza mchele walioandika kwa penseli nyuma ya kalenda. Yote yalikuwa na makosa. Hapa risiti imepotea, pale mauzo yameandikwa mara mbili, kwingine saba imegeuka moja kwa sababu karani alikuwa na usingizi. Mkaguzi akikaa na daftari lolote siku mbili, hatoki mikono mitupu. Hiyo ndiyo kazi yetu, na humo ndimo ilimo hatari yake, ingawa hatari hiyo mimi nilichelewa kuiona.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, katika miaka ya 1990, mkubwa wangu wa kazi aliniita ofisini mwake saa kumi jioni, wenzangu wakiwa wamekwisha ondoka. Akanisukumia karatasi juu ya meza. Haikuwa na kichwa cha barua wala sahihi. Ilikuwa na majina saba tu, yamepigwa taipu.

"Anza na hawa," akaniambia. "Nasikia hesabu zao si nzuri."

Sikuuliza amesikia kwa nani. Mji wetu ulikuwa mdogo, na majina yale saba kila mtu aliyajua. Mmoja alikuwa ametoa lori lake kubebea watu wa mkutano wa chama kile kingine, mwingine alikuwa ameazimisha uwanja wa ghala lake, na waliobaki walionekana mkutanoni wamekaa viti vya mbele. Nikasema, "Sawa, mzee," nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Mji siutaji, idara siitaji, wala mkubwa yule simtaji. Amekwisha tangulia mbele ya haki, na wanawe huniamkia kwa heshima. Ninachotaka kukieleza ni ile karatasi. Nami sikuielewa vizuri mpaka nilipokuja kusoma habari za karatasi nyingine, iliyotolewa mbali sana na kwetu, miaka mingi kabla ya ile yangu.

Mwezi Juni 2014, nikiwa nimestaafu, nilisoma kwamba amefariki Mmarekani mmoja aitwaye Johnnie Walters. Jina hilo sikulijua. Niliendelea kusoma kwa sababu iliandikwa kwamba aliwahi kuwa mkuu wa Idara ya Mapato ya Marekani; nami, kama seremala asiyeweza kupita mlango wa mtu bila kutazama bawaba zake, siwezi kuzipita habari za mtu wa kodi.

Walters alikuwa mtu wa chama cha Republican, na aliyempa cheo hicho mwaka 1971 alikuwa Rais Richard Nixon, wa chama hichohicho. Tarehe 11 Septemba 1972, majuma machache kabla ya uchaguzi wa rais, aliitwa Ikulu na John Dean, mwanasheria wa Rais. Akakabidhiwa orodha yenye mamia ya majina ya watu waliomuunga mkono na kumchangia fedha George McGovern, mgombea wa Democrats. Alitakiwa awaandame kwa kodi zao. Walters akamwonya Dean kwamba jambo hilo litaleta balaa. Siku mbili baadaye akampelekea orodha hiyo George Shultz, Waziri wa Fedha, naye Shultz akamwambia asifanye kitu. Basi Walters akaitia katika bahasha, akaifunga, akaiweka ndani ya sefu.

Mwaka uliofuata, mambo ya Watergate yalipokuwa yanafumuka, aliitoa na kuikabidhi kwa kamati ya Bunge. Kamati ilichunguza, na haikuona ushahidi kwamba waliotajwa mle waliandamwa na Idara. Mwezi Julai 1974, kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipopitisha mashtaka dhidi ya Nixon, shtaka la pili lilitaja jaribio la kuwatumia watu wa kodi kuwachunguza wapinzani. Mwezi Agosti akajiuzulu.

Nilipomaliza kusoma nililiweka gazeti magotini, nikakaa kimya hata mke wangu akaniuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba kuna mtu wa kazi yangu amekufa.

Tangu siku hiyo nikawa natafuta habari za namna hii, na niliyoyapata nayaeleza hapa kwa kifupi. Kwanza, msomaji asije akadhani kwamba huo ni ugonjwa wa Nixon peke yake au wa chama chake. Mwaka 1961, wakati wa Rais John Kennedy wa Democrats, Idara ileile ilianzisha mpango wa kukagua vikundi vya mrengo wa kulia vilivyoipinga serikali. Mwezi Mei 2013, wakati wa Rais Barack Obama, ripoti ya mkaguzi wa ndani wa Hazina ilionyesha kwamba maombi ya vikundi vilivyotaka msamaha wa kodi yalichaguliwa kwa kutazama majina yao, kama vile "Tea Party", kisha yakacheleweshwa na kuulizwa maswali yasiyo na lazima. Republican walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Ripoti nyingine ya mwaka 2017 ikaonyesha kwamba vikundi vya mrengo wa kushoto navyo viliwahi kuchaguliwa kwa majina yao. Kila chama kikaikumbatia ripoti iliyokipendeza na kuisahau ya pili.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha zamani kuliko hivyo vyote, nacho kilitokea Alabama. Mwezi Februari 1960, Martin Luther King alikamatwa Atlanta kwa hati iliyotoka jimbo hilo. Shtaka lake halikuhusu maandamano wala mabasi. Alidaiwa kwamba aliapa uongo alipotia sahihi taarifa zake za kodi ya jimbo za mwaka 1956 na 1958. Wakaguzi walizichukua fedha alizorudishiwa kwa safari zake za kuhubiri na kuhutubia, wakazihesabu kuwa ni mapato aliyoyaficha. Hakuwahi kutokea mtu mwingine Alabama aliyeshtakiwa kwa jinai ya namna hiyo. Kesi ilisikilizwa Montgomery, na wazee wa baraza wote walikuwa Wazungu. Mkaguzi wa jimbo alipohojiwa na mawakili wa King alikiri kwamba hakuona ushahidi wa udanganyifu. Tarehe 28 Mei 1960 wale Wazungu kumi na wawili wakamwachia huru. Wengi walishangaa, na King mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Kuna tawi la kisa hiki ambalo wasomaji wa sheria hulijua. Ili kupata fedha za kumtetea King, marafiki zake walitoa tangazo katika gazeti la New York Times tarehe 29 Machi 1960. Tangazo hilo lilikuwa na makosa madogo madogo. Kamishna mmoja wa mji wa Montgomery, L. B. Sullivan, akalishtaki gazeti, na mahakama ya Alabama ikaamuru alipwe dola 500,000. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo, ikasema kwamba mtu wa serikali hawezi kulipwa kwa sababu ya kosa la maandishi tu, mpaka athibitishe kwamba aliyeandika alijua ni uongo, au hakujali kama ni uongo au kweli. Kwa maneno mengine, majaji walikiri kwamba anayesema mambo mengi hadharani hakosi kukosea, na kwamba mwenye nguvu akiruhusiwa kuyaokota makosa hayo, atayaokota ya adui zake.

Mwezi uleule wa Februari 1960, Mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua shauri jingine ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano na kodi. Lilitoka Louisiana, katika wilaya iitwayo Washington, jina moja tu na mji mkuu wa nchi. Huko, sheria iliwaruhusu wapiga kura wawili wowote kuapa kwamba mpiga kura mwingine aliandikishwa isivyo halali. Aliyepingwa alipelekewa taarifa, akapewa siku 10 aje na viapo vya wapiga kura wengine watatu, la sivyo jina lake lifutwe. Mwishoni mwa mwaka 1958 na mapema mwaka 1959, wanachama wa chama cha Wazungu waliopinga haki za Weusi, kilichojiita Baraza la Raia, waliingia katika ofisi ya msajili wa wapiga kura, wakakaa na kadi, wakaanza kusoma.

Makosa waliyapata. Fomu ya Louisiana ilimtaka mtu aandike umri wake kwa miaka, miezi na siku. Msomaji na ajaribu sasa hivi, bila kalamu, aone kama atapatia siku. Mtu aliyekosea hesabu hiyo, au aliyekosea herufi, kadi yake ilipingwa. Katika Weusi kama 1,500 walioandikishwa, 1,377 walifutwa. Wazungu, waliokuwa wengi kuliko wao mara nyingi, walifutwa wachache wa kuhesabika kwa vidole.

Jaji J. Skelly Wright alipoletewa shauri hilo, aliamuru majina yale 1,377 yarudishwe. Hakusema kwamba kadi za Weusi hazikuwa na makosa. Zilikuwa nayo. Alichokiona ni kwamba kadi za Wazungu nazo zilikuwa na makosa ya namna ileile, tele, lakini hakuna aliyekaa nazo kuzisoma. Uamuzi wake ulitoka Januari 1960, na Mahakama Kuu ikaukubali tarehe 29 Februari.

Niliposoma hapo nilisimama. Nikainuka, nikaenda dirishani. Nilikuwa nimeisoma habari ya kadi za kura, lakini niliyekuwa nikimwona ni mimi, na duka moja la vitambaa.

Kabla sijafika dukani, haki inanidai niseme neno kwa upande wa pili. Daftari la wapiga kura lazima lisafishwe. Watu hufa, watu huhama, na jina la marehemu likiachwa humo huja likapiga kura. Mwaka 1997, uchaguzi wa meya wa Miami uliingiwa na udanganyifu wa kura za watu wasiofika kituoni, na ilionekana hata kura iliyopigwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Mwaka uliofuata mahakama ikazitupa kura hizo, na kiti cha meya kikapata mtu mwingine. Ni kwa sababu ya aibu hiyo Bunge la Florida lilipitisha sheria ya mwaka 1998 ya kusafisha daftari, na kazi ya kutafuta majina ikapewa kampuni binafsi. Chanzo chake, basi, kilikuwa kweli.

Lakini tazama kilichofuata. Florida wakati huo ilimnyima kura mtu aliyepata kuhukumiwa kwa jinai kubwa. Kampuni ikalinganisha majina ya wahalifu na majina ya wapiga kura, na watu wa jimbo wakataka ulinganisho uwe mlegevu, majina yakaribiane tu, hata kama hayafanani sawasawa. Watu wa kampuni walionya kwamba kwa njia hiyo wataingia wasiohusika. Wakaingia kweli. Majina kama 8,000 yaliyotoka Texas yalikuja kuonekana kuwa ni ya watu wenye makosa madogo tu. Msimamizi wa uchaguzi wa wilaya ya Madison alipata barua ya kumwambia kwamba yeye mwenyewe ni mhalifu! Wasimamizi wengine walipoiona orodha hiyo ilivyo waliiweka kando, wengine waliifuata. Weusi walikuwa wengi mno katika orodha hiyo kuliko idadi yao miongoni mwa wapiga kura, na Weusi wa Florida wengi wao huwapigia Democrats. Mwezi Novemba 2000, George W. Bush wa Republican alilipata jimbo hilo, na urais pamoja nalo, kwa kura 537 katika kura karibu milioni 6.

Mzozo wa vyama haukwisha mpaka leo. Hawa wanasema, "Tulikuwa tunasafisha." Wale wanasema, "Mlikuwa mnatufuta." Kuna sheria ya nchi ya mwaka 1993 inayokataza kufuta majina kwa mkumbo katika siku 90 za mwisho kabla ya uchaguzi wa taifa. Kuna na ya mwaka 1998 inayomkataza Rais na watu wa ofisi yake kuiomba Idara ya Mapato imkague mtu fulani au iache kumkagua. Ni sheria nzuri, nami nazisifu. Hata hivyo sheria haikai katika chumba saa kumi jioni. Chumbani hukaa mtu na mtu, na karatasi kati yao.

Sasa nifike dukani.

Katika yale majina saba, la kwanza lilikuwa la mzee aliyeuza kanga, vikoi na vitambaa vya suti. Nilifika asubuhi, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikamwambia nimekuja kukagua. Hakuuliza kwa nini. Alitoa madaftari ya miaka mitatu, akanipisha kiti chake, yeye akakaa juu ya robota la kitambaa.

Nilikaa siku mbili. Nikaona mauzo ya mwezi wa Ramadhani yameandikwa pungufu, risiti za mzigo mmoja hazipo, na mshahara wa mpwa wake haukuonyeshwa popote. Kila kosa nililoliandika lilikuwa la kweli. Taarifa yangu ningeweza kuisimamia mbele ya hakimu yeyote, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililonipa usingizi.

Jioni ya siku ya pili nilimsomea hesabu, kodi pamoja na faini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanimiminia kahawa, akasema, "Mwanangu, makosa umeyaona, nami siyakatai. Nakuuliza neno moja tu. Hapo kwa jirani umeingia?"

Duka la jirani lilitenganishwa na lake kwa ukuta mmoja. Waliuza vitu vilevile, walinunua kwa mtu yuleyule, na nina hakika hata madaftari waliyanunua duka moja. Tofauti yao ni kwamba jirani alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama kilichokuwa kinatawala. Sikuwa nimeingia kwake, na wote wawili tulijua kwamba sitaingia.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nimetumwa."

"Najua," akasema. "Hata kalamu hutumwa."

Faini alilipa. Aliuza gari lake la mizigo, na baada ya miezi michache akaikodisha nusu ya duka kwa fundi cherehani. Kwenye mikutano hakuonekana tena. Siku ya uchaguzi nilisimama katika foleni muda mrefu, nikawa natazama mbele na nyuma, nisimwone. Huenda aliwahi asubuhi. Huenda alikuwa mgonjwa. Jina lake lilikuwamo katika daftari, hakuna aliyelifuta. Lakini mara nyingine nafikiri kwamba kazi ile waliyoifanya wale wa Louisiana kwa kadi za kura, mimi niliifanya kwa daftari la kanga.

Tulionana mara moja tu baadaye, mazikoni. Alinipa mkono, akaniuliza hali ya watoto, akamtaja mkubwa kwa jina. Lile la hesabu hakuligusa. Ingekuwa nafuu kwangu kama angeligusa.

Vijana wa kazi yetu wakija kunitembelea huniuliza namna ya kuvumbua hesabu zilizofichwa, nami huwafundisha, maana mwizi wa kodi yupo na anastahili kukamatwa. Lakini siku hizi nawaongezea somo ambalo mimi sikufundishwa. Ukipewa jina ukalichunguze, uliza limechaguliwaje. Ukipewa majina saba, tafuta la nane, la mtu aliye vilevile kasoro chama, uone kama limo. Kama halimo, basi hicho ulichopewa hakihusiani na kodi, hata kama kila kosa utakaloliona ndani yake litakuwa la kweli.

Wengine hunijibu kwamba mimi nasema kwa sababu nimestaafu, wao wana watoto shuleni. Ni kweli. Nami nilikuwa na watoto shuleni. Walters naye alikuwa na cheo cha kupoteza, na aliyekuwa akimpinga ndiye aliyempa cheo hicho. Sikuwa na waziri wa kumwendea kama Shultz, hilo najitetea nalo. Sikuwa na sefu. Nilikuwa na meza ya mbao yenye droo, na droo ilikuwa na kufuli zima. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu asubuhi ile nilipokwenda dukani, mfuko uleule uliokuwa na karatasi.